Tulisema Tutakuja Ijumaa

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kipalapala, Tabora

Katika msikiti wetu mdogo wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, mimi ndiye mwenye kushika madaftari. Lipo daftari la michango, lipo la mahudhurio ya watoto wa madrasa, na lipo la mali za msikiti, kuanzia majamvi hadi jeneza. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba katibu ambaye madaftari yake yamenyooka ametekeleza amana yake. Sikuwa nimetambua kuwa halikuwapo hata daftari moja lenye majina ya watu waliokuwa wakiswali nasi, kisha wakaacha kuonekana.

Makala hii inamhusu mmoja wao. Jina lake nalisitiri, na makazi ya wazee alikomalizia umri wake siyataji, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia si lao. Ni letu, na kwa sehemu kubwa ni langu. Nalisimulia katika kurasa hizi za familia kwa sababu nachelea kwamba hatukulifanya peke yetu.

Barua niliyoiandika

Mzee huyo alikuwa muadhini wetu. Alikuja Tabora akiwa kijana kutoka upande wa Ujiji, akafanya kazi za kibarua katika reli, na nguvu zilipopungua akajenga nyumba ya matofali mabichi karibu na msikiti. Kabla hatujapata kipaza sauti, alfajiri ya Kipalapala ilikuwa ikianzia kooni mwake. Sisi watoto wa madrasa tuliozoea kuchelewa tulimwogopa kuliko ustadhi, maana alimjua kila mmoja wetu kwa jina la baba yake.

Mkewe alifariki. Watoto wawili walimtangulia mbele ya haki, na binti aliyebaki aliolewa mbali, naye ana mizigo yake. Macho yakafifia, mguu mmoja ukawa mzito, na mvua za mwaka mmoja zikauangusha ukuta wa nyumba. Kamati ikakutana. Kila mjumbe alieleza udhuru wake wa kutoweza kumchukua nyumbani, na kila udhuru ulikuwa wa kweli. Mwishowe tukaafikiana aombewe nafasi katika makazi ya wazee. Barua ya kumtambulisha kwa ofisi ya ustawi wa jamii niliiandika mimi, kwa hati nzuri, nikaigonga muhuri.

Sisemi kwamba kumpeleka kule kulikuwa dhambi. Alipata chumba kisichovuja, chakula, dawa na watu wa kumwangalia, mambo ambayo sisi tulikuwa tumeshindwa kumpa. Siku tulipomfikisha alikaa kitandani, mkongojo ukiwa magotini, akatuuliza, "Mtakuja lini, wajukuu zangu?" Mmoja wetu akajibu, "Tutakuja Ijumaa, babu, inshaallah." Hakuna aliyesema Ijumaa ipi.

Tulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Ramadhani, tukapeleka sukari, mchele, tende na sabuni. Mara ya pili ilikuwa Mfungo Tatu, tukapeleka nyama. Mara zote mbili tulisoma dua, tukapiga picha, tukaondoka. Katika safari ile ya pili alinishika mkono, akaniuliza ni nani anayeadhini alfajiri siku hizi, mwembe wa uani kwa msikiti umezaa au haukuzaa, na yule mtoto wa jirani aliyekuwa akimwongoza njia anasoma wapi. Nilimjibu kwa haraka kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri. Akasema, "Sukari mmeniletea, Mungu awalipe. Habari za Kipalapala hamkuniletea." Tulicheka, tukidhani ni utani, kwani alikuwa mcheshi. Tukaagana kwa maneno yale yale: tutakuja Ijumaa.

Ramadhani iliyofuata nilisimama ukumbini mwao na orodha mkononi, nikalitaja jina lake. Hakuna aliyeitika. Mmoja wa walezi akanivuta kando, akaniambia kwa upole kwamba mzee yule walikwisha kumzika miezi minne nyuma. Walikuwa wamepiga simu katika namba iliyoandikwa kwenye barua yangu. Namba hiyo ilikuwa ya mwenyekiti wetu wa zamani, aliyekwisha kuhama na kubadili laini. Waislamu wa msikiti wa jirani walimwosha, wakamkafini na kumswalia. Alizikwa na watu wema, ila hawakuwa watu wake.

Nilipokuwa nikitoka, bibi mmoja aliyeketi kivulini aliniita.

"Wewe ndiye wa Kipalapala?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Rafiki yangu yule kila Ijumaa akioga mapema, akivaa kanzu, akikaa pale, uso langoni. Akisema wageni wake wanakuja. Jua likizama anavua kanzu, anaikunja. Ijumaa nyingine vivyo hivyo."

Hakunilaumu. Aliniuliza kama nimeshafuturu.

Wazee wa njia kuu

Huenda msomaji akauliza mzee wa nchi hii anafikaje makazini, hali kila mmoja wetu hujisifu kwa wingi wa ndugu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ambayo humhesabu mtu kuwa mzee anapotimiza miaka 60, inaliweka jukumu la matunzo kwa familia na jamii kwanza, na kuyafanya makazi kuwa kimbilio la mwisho. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao wenye miaka 60 na zaidi wanakaribia milioni tatu na nusu. Wanaoishi makazini ni sehemu ndogo sana ya hao. Hapa Tabora pana makazi ya Ipuli. Mwanza pana Bukumbi, Shinyanga Kolandoto, Morogoro Fungafunga, Dar es Salaam Nunge. Unguja wanazo nyumba za Sebleni na Welezo, na Pemba wanayo Limbani.

Kwetu Tabora sababu mojawapo ni ya kihistoria. Mji huu ulikuzwa na wapita njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na wengi waliokuja nayo kutoka pwani na kutoka Manyema wakabaki. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaleta watu wengine na kuwachukua wengine. Wanyamwezi nao walikwenda kwa wingi kukata mkonge Tanga na kuchuma karafuu Unguja. Baada ya maisha ya namna hiyo, mtu huweza kuzeeka mahali ambapo hana shangazi wala binamu, au akarudi kwao akakuta waliomjua wamekwisha.

Iko sababu nyingine, nayo ni aibu ya kanda yetu. Bibi aliyepika kwa kuni miaka 50, macho yakawa mekundu kwa moshi, huambiwa ni mchawi. Wako waliouawa kwa dhana hiyo, na wako waliokimbia usiku na kuacha shamba, mji na wajukuu. Tunapomwona bibi wa namna hiyo makazini na kusema hana watu, tunakosea. Watu anao, ndio waliomfukuza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mzee wa makazini hakosi historia, na mara nyingi hakosi hata jamaa. Anachokosa ni mtu wa kumuulizia.

Macho ya Nabii Yaaqub

Tumezoea kuuhesabu upweke kuwa jambo dogo, huzuni ya mtu aliyeshiba. Qur'ani Tukufu haiuhesabu hivyo. Katika Sura Yusuf, aya ya 84, tunasomeshwa kwamba Nabii Yaaqub (a.s.) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Hakuwa na njaa, wala hakuwa peke yake, kwani wana wengine walikuwapo nyumbani. Alimkosa mtu aliyempenda, na mwili ukadhurika. Kisha, katika aya ya 96, kanzu ya Yusuf ilipowekwa usoni pake, akaona tena. Mzee yule alirudishiwa nuru na habari njema ya mtu wake.

Wataalamu wa afya wa zama zetu wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025 kuhusu mahusiano ya watu, lilikadiria kwamba mtu mmoja katika kila sita ulimwenguni anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Ripoti hiyo inautaja pamoja na maradhi ya moyo, kiharusi, sonona na kupungua kwa kumbukumbu.

Siku inayojulikana

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa zamani. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa Marekani, Richard Schulz, alichapisha habari za wazee waliokuwa wakiishi katika makazi, waliotembelewa na wanafunzi wa chuo kwa muda wa miezi miwili. Wako wazee walioachiwa waamue wenyewe mgeni aje lini na akae muda gani. Wako walioambiwa mapema siku atakayokuja. Wengine walijiwa ghafla tu, na wengine hawakutembelewa kabisa. Makundi mawili ya kwanza, yaani waliochagua siku na waliojulishwa siku, ndiyo yaliyoonekana kuwa na afya na uchangamfu zaidi. Waliojiwa ghafla hawakufaidi kama wao, ingawa nao walipata wageni.

Sehemu ya pili ya habari hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Schulz na mwenzake, Barbara Hanusa, waliwafuatilia wazee hao baada ya wanafunzi kuacha kwenda, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Wale waliokuwa wamenufaika zaidi ndio walioporomoka. Walikuwa wamezoeshwa kungoja, kisha wakanyang'anywa cha kungojea.

Niliposoma hayo nilimwona mzee wetu akiikunja kanzu yake. Hatukumpa siku inayojulikana, wala hatukumwacha bila ahadi akajua moja. Tulimpa neno Ijumaa, likawa linamwamsha kila wiki na kumlaza kila wiki.

Hapa yatupasa tuitazame namna tunavyolitumia neno tukufu la inshaallah. Tumeamrishwa kulisema kwa unyenyekevu, kwa kuwa kesho haiko mikononi mwetu. Hatukupewa liwe pazia la kujifichia pale ambapo hatuna nia ya kwenda. Katika Sura ile ile ya Bani Israil ambayo aya yake ya 23 inatuusia wazazi wanaofikia uzee, tukisonga mbele hadi aya ya 34 tunaamrishwa kutimiza ahadi, na tunajulishwa kuwa ahadi itaulizwa. Nimeisoma Sura hiyo tangu utotoni, na chuoni nikafundishwa tafsiri yake. Sikuwahi kuziweka aya hizo mbili pamoja mpaka nilipoonyeshwa kiti kilichoelekea langoni.

Haki ambazo sukari hailipi

Imepokewa na Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alizitaja haki tano za Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe: kuitikiwa salamu, kutembelewa anapougua, kusindikizwa jeneza lake, kuitikiwa mwaliko wake, na kuombewa rehema anapopiga chafya na kumhimidi Mola wake. Tuzitazame vizuri. Hakuna katika hizo hata moja inayotimizwa kwa kutuma mfuko. Kila moja yahitaji mtu awepo, au asikie. Mzee akipiga chafya peke yake chumbani, akasema Alhamdulillah, nani wa kumwambia Yarhamukallah?

Angalia pia haki ya mwaliko. Tumezoea kumfanya mzee kuwa mpokeaji siku zote, nasi watoaji, tukasahau kwamba kupokea tu kunachosha nafsi. Mtu aliyeadhini miaka 40 hapendi kuwa jina katika orodha ya sabuni. Anataka kuulizwa jambo analolijua, na akikukaribisha kikombe chake cha chai upokee, ukae, unywe, hata kama una haraka.

Na tujifunze kumfuata mzee alipo. Makka ilipofunguliwa, katika mwaka wa 8 wa Hijra, Abu Bakar (r.a.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekuwa amepofuka, mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume akamuuliza kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake ili yeye amwendee. Hiyo ilikuwa siku ya ushindi, siku yenye shughuli kubwa kuliko shughuli zote za kamati zetu.

Tunachokifanya sasa

Baada ya Ramadhani ile tulifungua daftari jipya. Halina hesabu ya fedha. Kila mzee aliyetoka kwetu ana ukurasa wake: jina lake na la baba yake, alikotokea, jamaa zake na namba zao, kazi aliyokuwa akiifanya, mambo anayopenda kuulizwa. Kurasa ni chache, na hiyo ndiyo sababu hatuna udhuru.

Kila mzee amekabidhiwa watu wawili, ili mmoja akipata dharura mwenziwe aende. Siku ni moja kwa mwezi, imetajwa kwa tarehe, na mzee ameambiwa. Asiyeweza kwenda hupiga simu siku moja kabla na kutaja siku nyingine. Mara mbili kwa mwaka tunapeleka upya namba zetu za simu kwa uongozi wa makazi, na namba hizo ni za watu wawili, si mmoja. Picha hatupigi. Zawadi hatukuziacha, lakini tunazitoa mwishoni, baada ya mazungumzo. Tumeona pia kwamba furushi la michembe ya nyumbani humfurahisha bibi wa Kinyamwezi kuliko biskuti za dukani, kwa kuwa akiitafuna huanza kusimulia.

Tunapokwenda tunawachukua watoto wawili wa madrasa. Mzee mmoja aliyehifadhi juzuu kadhaa huwasikiliza wakisoma na kuwasahihisha makhraji. Bibi yule wa kivulini ameanza kumfundisha binti yangu kusuka ukili. Safari ya kwanza tuliketi na Waislamu tu, tukawaacha wenzao wa vitanda vya jirani wakitutazama, na tuliona haya. Sisi wa Kipalapala tunaishi jirani na seminari ya Wakatoliki na tunaujua ujirani. Sasa tunawasalimu wote, na mwenye hadithi husikilizwa, awe wa dini gani.

Hayo ni ya msikiti. Ya familia ni mepesi zaidi, nayo ni muhimu zaidi. Aya ile ya Bani Israil inawataja wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwako, chini ya uangalizi wako. Basi tusidhani kwamba makazi ya wazee yako mjini tu. Mama aliyewekwa chumba cha uani, akaletewa sahani na kuachwa na redio, naye yuko makazini. Baba ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam au Maskati na hutuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, lakini hapigi simu hiyo hiyo kumsikia, naye anatazama lango. Wewe uliye mbali, mtajie siku: "Baba, kila Jumapili baada ya Isha nitapiga." Kisha piga. Ukizungumza naye usimuulize dawa na mboga tu; muulize shamba lile lililimwaje, na babu yako alikuwa mtu wa namna gani.

Mola wetu, katika Sura Ar-Rum, aya ya 54, ametueleza safari yetu: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Wewe na mimi tuko katikati ya njia hiyo, nayo haina marejeo.

Kaburini

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Mtume (s.a.w.) hakumwona, akamuulizia. Akaambiwa amekwisha kufa. Watu walikuwa wameliona jambo lake kuwa dogo. Mtume akawauliza kwa nini hawakumjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia.

Nasi tulikwenda, wajumbe wote wa kamati. Kaburi la muadhini wetu lilikuwa na kijiti tu. Tumefundishwa katika hadithi sahihi kwamba kila kinachoisikia sauti ya muadhini kitamshuhudia Siku ya Kiyama. Miembe ya Kipalapala itamshuhudia, na mawe yake pia. Nilisimama pale nikijiuliza sisi tutashuhudia nini, na nini kitashuhudiwa juu yetu. Binti yake, ambaye tulikuwa tumempata kwa simu siku tatu kabla, alilia kwa muda mrefu upande wa pili wa laini, kisha akaomba tumweleze kaburi limeelekea mti gani.

Tulipita makazini kuaga. Bibi yule alikuwa mahali pake kivulini.

"Mtakuja lini?" akauliza.

"Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Mosi, bibi, inshaallah. Saa tisa alasiri."

Alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali. Ijumaa hiyo tulifika saa tisa kasorobo. Tulimkuta amekwisha vaa kanga mpya, uso langoni.

Tunamwomba Allah (s.w.) amrehemu muadhini wetu, atusamehe tulivyomngojesha, na atujaalie watakaotuulizia pale ambapo nasi hatutaweza tena kutoka. Amin.